Spoki zinakatika kila wiki: nizikaze kiasi gani?

*"Shikamoo fundi. Nauza maji kwa baiskeli hapa Shinyanga. Baiskeli yangu ni ya mzigo, inchi 28, na gurudumu la nyuma lina spoki 40. Nabeba madumu sita ya lita 20. Kisima kipo kama kilomita tatu, nakwenda safari nne kwa siku. Shida yangu ni spoki za nyuma. Kila wiki inakatika moja au mbili, karibu zote kwenye kile kiwiko kinachoingia kwenye habu, na nyingi ni za upande wa mnyororo. Fundi wangu aliniambia zinakatika kwa sababu zimekazwa mno, akazilegeza 'zipumue'. Zikaendelea kukatika. Akawa kila iliyokatika anaweka nene, zile za geji 12, kwa hiyo sasa ringi ina mchanganyiko. Akiinyoosha inatoka imenyooka kabisa, lakini baada ya siku nne tano inapepesuka tena na nipeli zinajifungua zenyewe. Kusuka ringi naweza, nilifundishwa. Nisichojua ni mkazo sahihi, na sina mashine ya kupimia. Nikaze kiasi gani? Au ninunue ringi mpya?"*

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa siku zote ulizokaa kivulini ukingoja gurudumu badala ya kuuza maji. Umeeleza vizuri, hata sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya swali lako. Spoki zinakatikia kwenye kiwiko, ringi inanyooka halafu inapotea baada ya siku nne, nipeli, zile nati ndogo zinazoshika spoki kwenye ringi, zinajifungua. Dalili hizo tatu zikija pamoja, gurudumu limelegea na mkazo wake haulingani. Fundi wako alikuwa na nia njema, lakini alilegeza kitu kilichohitaji kukazwa.

Imani kwamba spoki iliyokazwa sana ndiyo inayokatika imeenea mno, na naelewa inatoka wapi. Mtu akiona waya umekatika, anawaza kwamba umevutwa kupita uwezo wake. Lakini spoki nzuri ya milimita 2 inahitaji kuvutwa kwa zaidi ya kilo 250 ndipo ikatike kwa nguvu tupu, na hakuna spana ya spoki itakayokufikisha huko. Nipeli itaharibika kona zake au ringi itapinda kabla. Spoki zako zinakatika kwa kuchoka. Chukua waya wowote, ukunje na kuukunjua mahali pamoja, hautakatika mara ya kwanza wala ya kumi, ila utakatika. Hicho ndicho kinachotokea kwenye kiwiko, kidogo kidogo, kila gurudumu linapozunguka.

Sasa tuone kinachotokea ndani ya gurudumu, maana ukilielewa hili huhitaji kukariri kanuni.

Spoki haiwezi kusukuma. Ni waya mwembamba, ukiusukuma unapinda. Kwa hiyo gurudumu la spoki husimama kwa sababu spoki zote zinavuta ringi kuelekea katikati kwa wakati mmoja, na ringi inabanwa. Ukiwa na spoki 40 na kila moja inavuta kwa kilo 100, jumla ni tani 4 za kuvuta, hata kabla hujapakia dumu moja. Ukipakia, ringi inabonyea kidogo sana pale inapogusa ardhi, na spoki za pale chini zinapunguziwa mkazo. Zile za juu na za pembeni karibu hazihisi kitu. Watu wengi hudhani habu, yaani kitovu cha gurudumu, inaning'inia kwenye spoki za juu na kwamba mzigo unazikaza zaidi. Sivyo. Mzigo unabebwa kwa spoki za chini kulegea kiasi.

Tufanye hesabu ya gurudumu lako kwa makadirio. Maji kilo 120, wewe mwenyewe, uzito wa baiskeli. Ukiwa umepanda, gurudumu la nyuma linaweza kubeba kilo 150 au zaidi. Mzigo huo hugawanywa kwa spoki nne tano zilizo chini wakati huo, na ile ya katikati inaweza kupoteza kilo 40 hivi ya mkazo wake. Ukiingia kwenye shimo, inapoteza zaidi ya hapo. Kama spoki ilikuwa na kilo 100, inabaki na akiba. Kama ilikuwa na kilo 40 kwa sababu imeachwa ipumue, inafika sifuri. Inalegea kabisa kwa kitambo kidogo, kiwiko kinacheza ndani ya tundu la habu, kisha gurudumu linazunguka na spoki inavutwa tena kwa ghafla. Tairi la inchi 28 huzunguka karibu mara 450 kwa kilomita moja. Kwa safari zako nne, hiyo ni zaidi ya mara 5,000 kila siku ukiwa na mzigo mgongoni.

Fikiria mpira unaofungia madumu kwenye keria. Ukiukaza, dumu halichezi na mpira unadumu. Ukiulegeza ili usichoke, dumu linacheza, mpira unasuguana na chuma, na safari ya pili unakatika.

Hapo pia ndipo nipeli zako zinapojifungulia. Kinachoishika nipeli isizunguke ni msuguano, na msuguano unaletwa na mkazo. Spoki ikifika sifuri kila mzunguko, nipeli inakuwa huru kwa muda huo, mtikisiko wa barabara unaizungusha kidogo, kesho kidogo tena. Wapo wanaopaka gundi au rangi kwenye nyuzi za nipeli. Unaficha dalili tu, na siku ukitaka kunyoosha ringi utaikuta imeganda.

Nije kwenye spoki nene. Inaonekana ni busara: nyembamba imekatika, weka nene. Lakini spoki nene hainyumbuki kama nyembamba. Spoki ya milimita 2 yenye urefu wa sentimita 30, ikivutwa kwa kilo 100, hurefuka karibu nusu milimita. Urefukaji huo ndio akiba yake: ringi ikibonyea sehemu ya kumi ya milimita, bado spoki imevutika. Ile ya geji 12, yaani milimita 2.6, kwa mkazo uleule hurefuka chini ya theluthi moja ya milimita. Ringi ikibonyea kiasi kilekile, inapoteza mkazo mwingi zaidi, inalegea mapema na kuwaachia jirani zake nyembamba mzigo. Ukichanganya aina mbili kwenye gurudumu moja, kila moja inaitikia ringi kwa namna yake na huwezi kuzilinganisha tena. Ziondoe zote. Gurudumu moja lisukwe kwa spoki za unene mmoja, ubora mmoja, na ikiwezekana kutoka pakiti moja.

Kwa hiyo, ukaze kiasi gani? Kwa gurudumu la nyuma la mzigo, spoki za milimita 2 na ringi nzima ya chuma, lenga kati ya kilo 80 na 110 kwa kila spoki. Chini ya hapo mzigo wako utazilegeza. Juu ya hapo hupati faida ya maana, na unaanza kuitesa ringi kwenye matundu ya nipeli. Kwa friwili yako ya gia moja, spoki za upande wa mnyororo zinaweza kuwa zimekaza kidogo kuliko za upande mwingine, kwa kuwa zinasimama wima zaidi. Hilo ni la kawaida. Kinachotakiwa ni kwamba za upande mmoja zilingane zenyewe kwa zenyewe.

Umesema huna mashine. Vipimo vya mkazo vipo, kama TM-1 ya Park Tool, ambayo hubonyeza spoki na kukupa namba unayoitafsiri kwa jedwali. Ukiona karakana yenye nacho, kitumie. Lakini wewe muuza maji una vifaa vya kutosha nyumbani, kwa sababu kipimo kile hakifanyi zaidi ya kubonyeza spoki kwa nguvu inayojulikana na kuangalia imezama kiasi gani.

Toa tairi, laza gurudumu juu ya viti viwili. Chukua dumu la lita 5 lililojaa maji, hizo ni kilo 5 na kidogo. Lining'inize kwa kamba nyembamba kwenye spoki moja, katikati ya kipande kilicho wazi kati ya mahali spoki zinapopishana na nipeli. Kata rula ya chuma au bati lililonyooka urefu wa sentimita 20, uliegemeze kwa ukingo juu ya ile spoki, kamba iwe katikati yake. Spoki imezama kwa uzito, kwa hiyo kuna upenyo kati ya rula na spoki pale katikati. Sasa tumia mabaki yako: kipande cha spoki nyembamba iliyokatika, milimita 2, na kipande cha ile nene, milimita 2.6. Pitisha kimoja kimoja pembeni mwa kamba. Nyembamba ikipita na nene ikakataa, uko kwenye kilo 80 hadi 110. Zikipita zote mbili, bado imelegea. Ikigoma hata nyembamba, umevuka. Kabla ya kuning'iniza dumu, hakikisha spoki yenyewe imenyooka ukiiegemezea rula, la sivyo utapima mpindo wa zamani. Na kipimo hiki ni cha spoki za milimita 2 tu. Kwenye nene kitakudanganya.

Hakitakupa namba kamili, na huna haja nayo. Huhitaji pia kupima spoki zote 40 namna hii. Pima tatu au nne kila upande ili ujue uko wapi, kisha sikio limalize kazi.

Sikio ni kifaa kizuri kuliko mafundi wengi wanavyokiamini. Gonga au kwanyua spoki kwa kucha katikati ya sehemu iliyo wazi, itatoa sauti. Kadiri mkazo unavyopanda, sauti inapanda. Kama umewahi kuimba kwaya, unazijua noti zako: kutoka mi kwenda fa ni hatua ndogo, nusu toni. Spoki mbili za urefu na unene mmoja zikitofautiana kwa hatua hiyo, mkazo wao umetofautiana kwa karibu asilimia 12. Zikitofautiana kama do na re, tofauti imefika robo nzima. Kwa hiyo zungukia upande mmoja wa gurudumu ukikwanyua, na usikubali spoki yoyote ipitane na wenzake kwa zaidi ya mi na fa. Upande wa pili ulinganishe peke yake. Hii pia ndiyo sababu mchanganyiko wako hauwezi kunyooshwa kwa sikio, maana spoki nene hutoa sauti ya chini zaidi hata kama mkazo ni uleule.

Hapa nataka unisikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo magurudumu mengi yanapoharibikia mikononi mwa mafundi wenye macho mazuri. Ringi kunyooka si ushahidi kwamba gurudumu limejengwa vizuri. Unaweza kuinyoosha ringi kabisa huku spoki moja ikivuta kilo 130 na jirani yake kilo 30, kwa sababu wanafidiana. Kwa macho ni safi. Ukipakia madumu sita, ile ya kilo 30 inalegea mara moja, ringi inapoteza mshikilio wake wa pembeni pale, na baada ya siku nne unaona kile unachokiona wewe. Mimi naona afadhali gurudumu linalopepesuka milimita moja lakini sauti zake zinalingana, kuliko lililonyooka kama rula lenye spoki zinazoimba kila moja wimbo wake. Breki zako zitavumilia ile milimita moja.

Kuhusu kazi yenyewe, kusuka unajua, sitakurudisha huko. Spoki 40 za mzigo nazipenda zipishane mara nne kila upande, ili zitoke kwenye habu kwa kupita ubavuni mwake (mkao wa tanjiti), si moja kwa moja kutoka katikati, na kubeba nguvu ya kukanyaga. James Starley wa Coventry, Uingereza, alipata hataza ya kuzipishanisha spoki namna hiyo mwaka 1874, na hadi leo hatujapata njia bora kwa gurudumu la kubeba mzigo. Nitazungumzia yale yanayorukwa.

La kwanza ni mafuta. Tia tone kwenye nyuzi za kila spoki na pale nipeli inapokalia ringi. Bila mafuta, nipeli inakuwa ngumu ukiwa kwenye kilo 60, mkono unakuambia umemaliza, kumbe bado. Nadhani spoki nyingi zinazoachwa legevu mitaani zinaachwa hivyo kwa sababu hiyo tu, fundi anahisi ugumu wa kutu na kuudhani ni mkazo.

Ukishasuka, zungusha nipeli zote hadi nyuzi za spoki zipotee ndani yake kwa usawa. Hapo spoki bado zinalegea. Sasa kaa na viwiko. Spoki zinazotokea upande wa nje wa habu huwa zimebinuka hewani kabla ya kuelekea kwenye ringi. Kwa kidole gumba, au kwa mpini wa nyundo ukiegemeza taratibu, ibonyeze kila moja ilale bapa kwenye sahani ya habu. Spoki iliyobinuka hujaribu kujinyoosha kila mzigo unapoijia, na kujinyoosha huko kunafanyika kwenye kiwiko, palepale zako zinapokatikia.

Kisha panda taratibu. Anzia kwenye tundu la valvu ili usipotee, nusu mzunguko kila nipeli, gurudumu zima, tena na tena. Sauti zikianza kutoka, shuka hadi robo mzunguko. Nyuzi za spoki ya milimita 2 husogea karibu milimita 0.45 kwa mzunguko mmoja, na nilikuambia spoki nzima hurefuka nusu milimita kufika kilo 100. Ringi nayo inabanwa na kula sehemu ya mzunguko wako, lakini bado unaona kwamba mwishoni robo ni hatua kubwa. Fundi anayezungusha nipeli mzima mzima mwishoni hawezi kusawazisha kitu.

Spoki hupenda kujisokota. Unazungusha nipeli, nayo spoki inazunguka nayo badala ya nyuzi kuingia. Unadhani umekaza, kumbe umeisokota, na kesho ukipanda inajisokotoa na kulegea. Ile milio ya ti-ti-ti unayoisikia mita za kwanza za gurudumu jipya ni hiyo. Chora alama ya kalamu kwenye spoki uone kama inazunguka. Ikizunguka, pitiliza kidogo, halafu rudisha nipeli nyuma hadi alama irudi mahali pake.

Kunyoosha kwenda pembeni unakujua: ringi ikienda kulia, kaza za kushoto mahali hapo na ulegeze za kulia kwa kiasi hichohicho. Wengi hukaza tu, hawalegezi, na mkazo unapotea mpangilio. Pale ringi inapochomoza nje, kaza pande zote mbili kwa pamoja. Shughulika na kuchomoza kwanza, kupepesuka baadaye. Mwisho geuza gurudumu kwenye fremu, kulia kuwe kushoto. Ringi ikikaa katikati pande zote mbili, imekaa sawa.

Halafu inakuja hatua ambayo, kwa dalili zako, nina hakika haijawahi kufanyiwa gurudumu lako. Vaa glavu au funga kitambaa mikononi. Shika spoki mbili za upande mmoja zinazoenda karibu sambamba, uzibane pamoja kwa nguvu zako zote, kisha jozi inayofuata, gurudumu zima, pande zote mbili. Kiwiko cha spoki kilikunjwa kiwandani kikiwa baridi, na ndani yake kuna mahali ambapo chuma kimebaki kimevutika karibu na ukomo wake hata kabla hujakitumia. Ukikibana namna hii, pale panapita ukomo mara moja, panakaa upya, na mvutano ule uliofichika unaondoka. Kuanzia hapo kila mzunguko wa gurudumu unakichosha kidogo zaidi kuliko zamani. Baada ya kubana, mkazo utakuwa umeshuka na ringi imesogea kidogo. Sawazisha, kaza tena, bana tena. Siku ukibana na hakuna kilichobadilika, umemaliza. Wapo wanaolaza gurudumu chini na kulikanyaga ringi. Sipendi, ni rahisi kuipinda ringi nzima na kuharibu kazi ya asubuhi yote.

Hatua hiyo pia ndiyo inayokuonya ukizidisha. Ukibana spoki na ringi ikageuka ghafla kuwa na mawimbi, kulia, kushoto, kulia, kushoto, umeikaza kupita inavyoweza kubanwa. Legeza zote nusu mzunguko, unyooshe upya. Kwenye ringi nyepesi za alumini hilo hutokea mapema zaidi. Ringi za chuma za baiskeli za mzigo ni ngumu, kwa hiyo mara nyingi nipeli itakuonya kwanza: ikiwa na mafuta na bado spana inataka kuteleza kwenye kona zake, simama hapo.

Sasa ununue nini? Ringi mpya, labda usinunue. Ukishazitoa spoki zote, laza ringi tupu kwenye sakafu iliyonyooka. Ikilala vizuri, isipokuwa na ufa wala tundu la nipeli lililovutika kama koni, irudishe kazini. Spoki zote 40 za zamani ziache, hata zile ambazo hazijakatika. Najua inauma kutupa spoki nzima. Lakini zimezunguka pamoja na zilizokatika, zimelegea na kuvutwa idadi ileile ya mara, na viwiko vyake vimechoka vilevile. Ukiziacha utarudi kwenye kubadilisha moja kila wiki na kuulaumu mkazo mpya. Kama fedha haitoshi kwa zote, anza na upande mzima wa mnyororo, halafu upande wa pili mwezi ujao. Spoki za chuma cha pua, kama zinapatikana, zina thamani ya bei yake kwa kazi yako ya maji, maana kutu hutoboa vishimo na ufa huanzia humo.

Kitu ninachokihofia zaidi ni habu. Ili spoki ya milimita 2.6 ipite, huenda matundu yalipanuliwa kwa kutoboa. Ingiza spoki mpya ya milimita 2 na uichezeshe. Ikikaa kwa kubana kidogo, endelea. Ikiyumba ndani ya tundu, au tundu limekuwa la yai, mkazo wowote utakaoweka hautaokoa viwiko. Hapo badilisha habu. Njia nyingine ni kukubali unene unaolingana na matundu hayo na kusuka gurudumu zima kwa unene huo, ukijua kwamba kipimo cha dumu hakitakufaa na utategemea sikio na mkono wa fundi mwenye kipimo. Mimi ningebadilisha habu.

Madumu nayo yaangalie. Yakae pembeni na karibu na ekseli, yasirundikwe nyuma yake, kwani uzito ulio nyuma ya ekseli hulibebesha gurudumu la nyuma zaidi ya uzito wa maji yenyewe. Na tairi lijazwe upepo wa kutosha; tairi laini hupeleka kila shimo moja kwa moja kwenye ringi.

Baada ya kusuka, beba madumu mawili au matatu siku ya kwanza, kisha kwanyua spoki zote jioni. Rudia baada ya wiki. Inasaidia kurekodi sauti ya spoki mbili tatu kwa simu siku ulipomaliza, ili uwe na cha kulinganisha. Kushuka kidogo wiki ya kwanza ni kawaida. Ikiendelea kushuka wiki ya tatu, kuna kitu kinakaa vibaya: nipeli inazama kwenye ringi au habu inaliwa.

Yapo mambo usiyajaribu peke yako nyumbani. Ukiona ufa kwenye sahani ya habu au kuzunguka tundu la nipeli, ekseli iliyopinda, au ringi iliyogonga shimo na kujikunja, mpelekee fundi gurudumu lenyewe aliguse, si maelezo. Vivyo hivyo kama unabeba mtoto au abiria kwenye keria hiyo. Na kama spoki za mbele zitaanza kukatika, usipande kabisa hadi zishughulikiwe. Gurudumu la nyuma likianguka unakaa chini, la mbele likijikunja unaangukia uso. Ukienda kwa fundi, beba spoki zilizokatika, kwa kuwa mahali zilipokatikia kunamwambia mengi. Zilizokatikia kwenye kiwiko ni habari ya mkazo na habu. Zilizokatikia kwenye nyuzi karibu na nipeli ni habari nyingine: spoki inaingia ringini kwa pembe mbaya, au ni fupi na nyuzi zimebaki nje ya nipeli zikipinda kila mzunguko.

Ukilisuka upya kwa spoki za aina moja, mkazo ukapita mtihani wa vipande viwili, sauti zikalingana, ukabana hadi ringi ikaacha kusogea, na bado spoki zikakatika ndani ya mwezi, nitumie picha ya kiwiko kilichokatika na ya tundu la habu kilipotokea. Hapo tutakuwa tunatafuta kosa la vifaa, na mkazo tutakuwa tumeshaumaliza.